Aliyepokea Kamba Mwaloni Irumbwe

Haya, sogeeni. Mwenye karanga azimalize sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kusikia mtu ananitafunia masikioni. Leo hatuanzi kwa namna ile mliyoizoea. Leo nikisema "Kamba!" nyie mnaitikia "Shika!" Tujaribu. Kamba!

— Shika!

Mmelala? Kwa sauti hiyo mtumbwi si umeshakwenda na maji! Kamba!

— Shika!

Hapo sawa. Na msinicheke, siwafungi kamba, nawapa kamba ya kweli.

Basi hapo zamani, na nikisema zamani sisemi ile ya wanyama kuoana na watu, nasema zamani hii yenye injini za boti na matairi ya gari, palikuwa na kisiwa ziwani kikiitwa Irumbwe. Kisiwa chenyewe mawe matupu. Ukishukia huku jiwe, ukishukia kule jiwe. Pa kuegesha mtumbwi palikuwa mahali pamoja tu, mwalo mwembamba katikati ya majabali mawili, na ndani yake kipande cha mchanga kisichozidi ua wa nyumba. Hapo ndipo mitumbwi yote ilipoingilia. Ukilenga vizuri, umefika nyumbani. Ukikosea, unaokota mbao.

Kwa hiyo watu wa Irumbwe walikuwa na desturi yao. Mtumbwi ukija, nahodha anasimama mbele, anarusha kamba, na mtu aliyeko nchi kavu anaidaka na kuuvuta mtumbwi uingie sawasawa. Huyo aliyeidaka ndiye mpokeaji. Sasa kama mtumbwini mna mtoto mchanga aliyezaliwa ng'ambo, mtoto huyo hana jina mpaka afike. Akifika, anapewa jina la mpokeaji. Na miguu yake haigusi mchanga wa Irumbwe kabla hajaitwa. Wa kike, wa kiume, msiniulize. Kule jina ni jina.

Mnaona ni jambo dogo? Si dogo. Mtoto akipewa jina lako, huyo ni somo wako. Kule Irumbwe mtoto alikua akipita kwa somo wake kila asubuhi kumwamkia. Somo akiugua, yeye ndiye anayempelekea uji. Somo akizeeka, yeye ndiye anayemshika mkono. Na somo akifa, jioni utasikia mama anaita uani, "Njoo ule, wewe fulani!" na lile jina linaitwa bado, linaitikiwa bado. Nani asingelitaka hilo?

Kamba!

— Shika!

Palikuwa na mama mmoja, Nyasinde, mke wa Masatu. Ndoa ikakaa, ikakaa, mtoto hakuna. Watu wakasengenya mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuwaonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyowauma zaidi. Halafu, subhana, tumbo likaonekana! Mkunga akalipapasa, akatikisa kichwa, akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali ng'ambo. Akapelekwa. Masatu akabaki anazunguka pwani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukimpa chakula, anakishika tu. Ukimsalimu, anakuuliza, "Umesikia nini?"

Siku moja wavuvi wakaja wanapiga kelele tangu mbali. Nyasinde kajifungua! Mtoto wa kike! Mzima! Kesho mchana wanarudi na mtumbwi wa nahodha Musira!

Weee! Kisiwa kizima kikawa kama kimemwagiwa maji ya moto. Wanawake wakatwanga, wanaume wakachinja. Lakini chini kwa chini swali lilikuwa moja tu: kesho kamba ataidaka nani?

Nawatajia watatu. Washikeni vizuri, maana mimi sirudii.

Wa kwanza ni Bwire, msokota kamba. Mkonge aliuloweka mwenyewe, akausokota mwenyewe, na kwenye ncha ya kamba alishona kifuko cha mchanga ili ikirushwa isipeperushwe na upepo. Kamba za Bwire hazikukatika. Mtu mcheshi, mwingi wa maneno, na tayari alikuwa na masomo wawili pale kisiwani. Wawili! Bado anataka wa tatu. Wakamwambia, "Bwire, si uwaachie wenzako?" Akasema, "Kwani nimewafunga mikono? Nao wadake."

Wa pili ni Nyangeta, mjane. Mumewe mtumbwi ulimvunjikia pale pale mwaloni, kwenye lile jabali la kushoto, akiwa na watoto wao. Hakurudi hata mmoja. Nyangeta alipomaliza kulia, akaenda kukata gogo la mninga, akalisimika kwenye ufa wa mwamba, akalipigilia mawe pembeni mpaka likawa nguzo. Akatafuta matairi mabovu ya gari, akayaning'iniza kwenye jabali lile toka juu mpaka usawa wa maji. Watu walimcheka! "Nyangeta, hiyo nguzo utamfunga ng'ombe wa majini?" "Nyangeta, hilo jabali linasafiri lini, mbona umelivalisha matairi?"  Kila baada ya mvua alikwenda kuitikisa nguzo yake, aone kama imelegea.

Wa tatu ni Mazigo, fundi chuma. Huyu alitengeneza kigari cha kupandishia mitumbwi: magurudumu mawili makubwa ya trekta bovu, chuma katikati, juu mbao mbili zilizoinama zikakutana chini, zimevishwa magunia, tumbo la mtumbwi likilala hapo halichubuki. Kazi safi. Lakini mdomo wake! Ukiazima kigari ukakirudisha, "Kina mchanga! Mchanga huu ni wangu?" Ukikirudisha kimeoshwa, "Umekilowesha, kikishika kutu utakuja kukiguguna wewe?" Basi kila aliposimama mwaloni kungoja kamba, manahodha walimwona wakarushia upande wa pili. Mvi zikaanza kumwota, hakuna mtoto hata mmoja Irumbwe aliyeitwa Mazigo.

Kamba!

— Shika!

Siku ikafika. Asubuhi ziwa limetulia, unaweza kujitazama. Kufika mchana upepo ukaamka upande wa ng'ambo, mawimbi yakaanza kuinuka yakiwa meupe vichwani. Watu wamejaa mwaloni, vigelegele vimejaa mdomoni vinangoja kutoka. Mara mtumbwi huo! Musira yuko nyuma kwenye injini. Nyasinde yuko katikati, amevaa kanga nyekundu, kitu kimefunikwa kifuani. Masatu akaanza kuruka kama mtoto. "Ni wangu yule! Ni wangu!"

Injini ikaja, tu-tu-tu-tu. Ikakohoa. Tu. Ikanyamaza.

Musira akaivuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Upepo unawasukuma, majabali hayo yanakuja. Musira akaacha injini, akakimbilia mbele, akaikusanya kamba ya mtumbwi, akairusha kwa nguvu zake zote. Jamani, ilirushwa vizuri! Ilikuja ikafunguka hewani, ikaja ikaja, mtu yeyote angeidaka, hata wewe unayesinzia hapo.

Bwire akaruka. Nyangeta akaruka. Mazigo akaruka.

Bwire akaishika. Mazigo akamnyang'anya. "Niachie!" Nyangeta akaingia katikati na kiwiko. "Leo ni zamu yangu!" "Nani kakupa zamu?" "Toka!" "Toka wewe!" Wakavutana, wakasukumana, wakaanguka wote watatu chali juu ya mchanga. Na kamba? Ikateleza. Ikarudi majini taratibu mbele ya macho ya watu wote.

 Vile vigelegele vikafia mdomoni.

Wimbi likauvuta mtumbwi nje. Kamba ya Musira ikanasa chini kwenye mawe, ikakazika, ikakatika. Wimbi jingine likaurudisha mtumbwi, likaugonga kwenye mwamba wa nje, kraa! Ubao ukafunguka ubavuni. Maji yakaanza kuingia. Hapo ndipo Masatu alipolia, na sauti yake ilisikika juu ya upepo: "Mmeniulia mtoto! Mmeniulia mtoto kwa ajili ya majina yenu!"

Sasa wenzangu, hapo mtu anaweza kufanya mawili. Aanze kujitetea, au ainuke. Hawa watatu, pamoja na ubaya wao wote, waliinuka.

Bwire akaikwapua kamba yake ile ya kifuko cha mchanga. Akarusha, upepo ukaila. Akaivuta, akarusha tena, ikafika karibu ikazama. Akapanda mpaka ncha ya jabali, mahali mawimbi yanampiga kifuani, na yeye kuogelea hajui! Msokota kamba wa kisiwani, hajui kuogelea! Akasimama pale akilia huku anahesabu upepo, akarusha. Kamba ikaenda, ikalala juu ya mtumbwi.

Nani aishike? Musira ana kasia, akiliachia tu mtumbwi unageuka ubavu. Nyasinde ana mtoto. Basi Nyasinde akambana mtoto kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akaidaka. Akaizungusha kwenye ubao aliokalia, akaishikilia. Kamba ikakimbia, ngozi ya kiganja ikaondoka nayo. Hakuiachia.

Kamba!

— Shika!

Ndivyo! Sasa kamba imekaza, na Bwire ni mwembamba. Mtumbwi unamvuta yeye badala ya yeye kuuvuta. Miguu inateleza, anakwenda majini hivi hivi. Nyangeta akaudaka mkia wa kamba, akakimbia nao kwenye nguzo yake, akauzungusha. Akauzungusha tena. Akaulalia kwa kifua. Kamba ikalia, nguzo ikalia, Nyangeta akalia. Lakini nguzo haikung'oka! Ile nguzo ya ng'ombe wa majini! Mtumbwi ukasimama, ukazunguka, ukaja moja kwa moja kulivaa lile jabali la kushoto. Watu wakafumba macho. Dubwi! Ukagonga tairi. Ukarudi, ukaja tena. Dubwi! Tairi.

Watu wakafumbua macho. Mtumbwi mzima. Lakini umejaa maji mpaka kwenye magoti ya Nyasinde, mzito, na pale mlangoni mwa mwalo kuna kizingiti cha mawe. Wakavuta kwa mikono, hauji. Wanaume wakaingia majini mpaka shingoni, wakanyoosha mikono, "Mlete mtoto! Tupe mtoto, dada!"

Nyasinde akawatazama. Akasema, "Kamba imewashinda. Niwape mwanangu?"

Akamkumbatia zaidi.

Basi Mazigo akakisukuma kigari chake majini. Kigari kile kile asichotaka kilowe! Akakizamisha, akapiga mbizi nacho, akakivusha kizingiti, akakiingiza chini ya tumbo la mtumbwi akiwa huko huko chini. Watu wanangoja. Wanangoja. Akaibuka damu inamtoka puani, akapiga kelele, "Vuteni, mizigo nyie! Mnanitazama mimi ni harusi?" Wakaifunga kamba kwenye chuma cha kigari, wakavuta kisiwa kizima, wazee kwa watoto. Magurudumu yakapanda jiwe, yakashuka jiwe, yakapanda, yakashuka. Mtumbwi ukatoka ziwani ukimwaga maji kila upande, ukapanda mchangani, ukasimama.

Na mtoto akalia! Alilia kwa hasira, kama mtu anayeuliza mlikuwa wapi muda wote huu. Hapo vigelegele vikatoka vyote, vya furaha na vile vilivyokwama. Masatu akapiga magoti, akashika gurudumu la kigari, akalia bila aibu.

Ngojeni kwanza. Hadithi haijaisha. Nyasinde bado yuko mtumbwini, mtumbwi uko juu ya kigari, mtoto yuko mikononi. Anataka kushuka, anyonyeshe, alale. Lakini mtoto hana jina, na miguu yake haiwezi kugusa mchanga. Watu wakaulizana, "Mpokeaji nani?"

Bwire akasema, "Hilo nalo la kuuliza? Desturi inasema kamba. Kamba ni ya nani? Nimeisokota mimi, nimeirusha mimi, nimesimama pale kifo kinanigusa. Bila kamba, ile nguzo ingefungwa nini? Kigari kingevutwa na nini? Mtoto ni Bwire."

Mtu mmoja akamwambia, "Una masomo wawili tayari."

"Kwani mama mwenye watoto wawili wa tatu anamtupa?"

Nyangeta akasema, "Kamba yako ilikuwa inakupeleka majini, Bwire, na mtumbwi nao. Nani aliusimamisha? Na matairi je, yale mliyonichekea mkashika mbavu? Mimi wangu wote wako ziwani humu. Hakuna hata mmoja anayeniita, na hakuna atakayeitwa kwa jina langu. Nguzo ile sikuisimika leo. Niliisimika ili mama mwingine asilie nilivyolia. Basi leo amefika mtoto wa mama mwingine. Mnipe."

 Wengine wakajifuta macho.

Mazigo akapangusa pua. "Maneno matamu hayo, mimi siyajui. Nauliza swali moja. Kamba imefika, nguzo imeshika, mtumbwi ulikuwa wapi? Majini! Unazama! Kupokea ni kumfikisha mgeni ndani. Ukimwacha mlangoni hujampokea. Nani kaufikisha mchangani? Tazameni, sasa hivi mtoto yuko juu ya magurudumu ya nani? Mnanichukia kwa mdomo wangu, sawa. Huo mdomo umekunywa nusu ya ziwa leo kwa ajili yake."

Ikawa zogo. Huyu anasema Bwire, yule anasema Nyangeta, yule anasema Mazigo anastahili ila akiitwa Mazigo mtoto atakuwa mkali. Ndipo Musira nahodha akainua kasia lake.

"Sikieni. Miaka yote kamba inatoka mtumbwini, inapokelewa nchi kavu. Kamba iliyotoka mtumbwini leo mliidondosha. Iliyotuokoa imetoka nchi kavu. Kwa hiyo aliyeipokea hayuko hapo chini mlipo. Yuko humu na mimi."

Watu wote wakageuka kumtazama Nyasinde. Akafungua kiganja chake. Hakikuwa na ngozi.

"Lakini mtoto haitwi jina la mama yake mzazi!" akapiga kelele bibi mmoja. "Ni mwiko! Mtaharakisha kifo cha mmoja wao!"

"Najua, bibi," akasema Nyasinde. "Jina langu simpi. Ila kama mpokeaji ni mimi, basi kuchagua ni kwangu. Na mimi niliwaona hawa watatu. Nimewaona vizuri kuliko nyie, maana nyie mliwaona migongo, mimi niliwaona nyuso. Nilikuwa nimembeba mtoto huyu nawatazama, nao hawakututazama. Walikuwa wanatazama kamba. Nimngoje mtoto miaka yote ile, halafu nimwite kila siku kwa jina la mtu aliyemsahau?"

Bwire akainamisha kichwa. Mazigo akageukia kigari chake, akaanza kukikung'uta mchanga. Nyangeta akaenda akashika nguzo yake.

Masatu akainuka pale kwenye gurudumu. "Mke wangu," akasema, "umesema kweli, na mimi nilipiga kelele ile ile. Lakini waliotusahau ndio waliotukumbuka. Mmoja wao asingekumbuka, saa hizi ningekuwa natafuta kanga yako nyekundu juu ya maji. Ziwa halikunirudishia nyie bure. Usiwanyime jina."

"Wote watatu, au mmoja?"

Masatu akamtazama Bwire, akamtazama Nyangeta, akamtazama Mazigo.

Na mimi nawaacha hapo hapo. Msininung'unikie! Jua linawaka, mchanga unachoma. Mtoto ana njaa, analia. Mama amesimama kwenye mtumbwi juu ya kigari, mkono mmoja umechubuka, mwingine umekufa ganzi, na miguu midogo ile inaning'inia, kati yake na mchanga hakuna hata urefu wa kasia. Hashuki mpaka mtoto aitwe. Bwire aliyerusha anangoja. Nyangeta aliyefunga anangoja. Mazigo aliyepandisha anangoja. Na mama aliyeidaka anawatazama nyie, ndiyo, nyie mnaokula karanga.

Kamba!

— Shika!

Haya, mmeishika. Na tafadhali, msisukumane wala msipigane viwiko, isije ikatudondoka tena. Je, mtoto aitwe nani?